Dereva anataka tuyamalize kwa 15,000, fundi anataka kuchomelea shingo

Washauri wetu,

Nina pikipiki ya kubeba abiria, Boxer BM150, niliyoinunua kwa mkopo wa sacco. Logbuku ina jina langu na la sacco, na deni lililobaki ni shilingi 46,000. Anaiendesha mtoto wa kakangu, na kila jioni huniletea 500.

Alhamisi iliyopita magharibi, kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda, gari dogo la kibinafsi lilichomoka kituo cha mafuta bila kusimama na kuigonga pikipiki mbele, upande wa kushoto. Kijana amevunjika kifundo cha mkono. Abiria wake, ambaye alikuwa mmoja tu, ameshonwa goti. Tuliripoti usiku huo huo, tukapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, lakini abstrakti, ile ripoti fupi ya polisi kuhusu ajali, bado hatujachukua.

Sasa mwenye gari amekuja nyumbani na mzee mmoja wa mtaa. Anataka tuyamalize kindugu: atoe shilingi 15,000, nami niweke sahihi kwenye karatasi isemayo kwamba mimi, kijana na abiria hatutadai chochote tena. Fundi wetu naye amesema shokapu za mbele zimepinda, rimu imekunjika, tangi limebonyea, na kuna ufa mdogo kwenye shingo ya fremu. Anasema atanyoosha shokapu, achomelee shingo, na kwa 22,500 pikipiki itakuwa barabarani Jumatatu.

Nina bima kamili, thamani iliyoandikwa ni 120,000. Nilipompigia wakala alisema, "Tengeneza kwanza, weka risiti, utarudishiwa." Kila siku pikipiki ikilala ninapoteza 500, na sacco haisubiri. Nichukue hizo 15,000? Nimruhusu fundi aanze? Na kijana na abiria watalipwa na nani?

Mama wa pikipiki, Likoni

JIBU

Mama, pole sana kwa ajali, na uwafikishie pole zetu kijana na abiria wake. Tunajua mkopo unavyombana mtu, na ndiyo maana tunakuomba ushikilie mambo matatu wiki hii hata kama yatakuumiza: usitie sahihi karatasi ile, usiruhusu moto wa kuchomelea uguse fremu, na usifanye lolote kwa neno la simu la wakala.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndiyo inayoweza kukupotezea vyote kwa kalamu moja.

Bima kamili ina sharti ambalo wengi hawalisomi. Kampuni ikikulipa uharibifu wa pikipiki, inapata haki ya kumfuata aliyesababisha ajali kwa jina lako ili irudishiwe pesa zake. Ukimwandikia mwenye gari kwamba humdai tena, umeiondolea kampuni haki hiyo, nayo inaweza kukataa kukulipa kwa sababu hiyo peke yake. Utabaki na 15,000 mkononi na pikipiki iliyovunjika shingo.

Pili, karatasi hiyo inakutaka useme kwa niaba ya watu ambao huna mamlaka juu yao. Maumivu ya kijana ni madai ya kijana, na goti la abiria ni la abiria. Ukiwasemea, siku abiria atakapogundua goti halikunji vizuri, atakuja kwako akiwa na karatasi uliyoitia sahihi bila ruhusa yake.

Mwenye gari asifukuzwe, lakini. Mwambie kwa heshima, mbele ya mzee huyo huyo, kwamba jambo liko kwa bima na huruhusiwi kukubaliana kabla ya kampuni yako kukuruhusu kwa maandishi. Akitaka kuwasaidia majeruhi gharama za hospitali leo, wapokee wao wenyewe, na karatasi iandike hivyo tu: kiasi gani, tarehe gani, kwa ajili ya matibabu gani, na kwamba malipo hayo hayaathiri haki zao nyingine. Wakati huo huo omba jina la kampuni yake ya bima na nambari ya cheti. Vyeti vya bima ya magari Kenya siku hizi ni vya kidijitali na huhakikiwa kwenye DMVIC, mfumo wa kidijitali wa vyeti vya bima ya magari, kwa hiyo cheti cha kughushi au kilichokwisha hugundulika mapema. Mtu anayeharakisha sana kumaliza mambo nyumbani wakati mwingine hana bima kabisa, na ni vizuri ulijue hilo sasa.

Kwa polisi mmefanya vyema. Sheria ya Trafiki inataka ajali iripotiwe haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Sasa nenda na nambari ya OB ukachukue abstrakti, na kabla hujaondoka dirishani isome neno kwa neno. Makosa yanayochelewesha madai ni madogo mno: herufi moja ya nambari ya gari imekosewa, tarehe si ile, jina la abiria halipo, sehemu ya bima ya gari lile imeachwa wazi. Kampuni ya bima ikiona nambari hailingani na cheti inarudisha karatasi zote, nawe unaanza upya. Kama abstrakti inasema uchunguzi unaendelea, ichukue hivyo hivyo uanzie nayo, kisha ufuatilie matokeo. Kijana na abiria wachukue kila mmoja fomu yake ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari, na watunze karatasi za matibabu za tangu usiku wa ajali. Picha ya eksirei isiachwe hospitalini.

Mwambie pia kijana jambo hili moja. Akishtakiwa kwa kosa la trafiki, asikubali kosa mahakamani ati alipe faini kidogo arudi nyumbani. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya kutiwa hatiani huwa ushahidi usiopingika kwamba alifanya kosa hilo, na bima ya gari itaipeperusha mbele ya hakimu wa madai. Kama hakukosea, akane na atafute wakili.

Kuhusu wakala. Huenda alisema kwa nia njema, lakini mkataba wako ni na kampuni, na mkataba huo hautambui "tengeneza kwanza". Kampuni hutuma mtathmini wake aone uharibifu ukiwa bado pale pale. Ukishatengeneza, ushahidi umekwenda na vyuma chakavu, na risiti ya fundi inathibitisha tu kwamba ulitumia pesa. Haithibitishi kwamba kilichotengenezwa kiliharibika Alhamisi ile. Leo hii, basi, iandikie kampuni yenyewe kwa barua pepe au upeleke barua ofisini na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mistari sita inatosha: nambari ya mkataba, nambari ya pikipiki, siku na saa na mahali, nambari ya OB, nambari ya gari lililohusika, na sentensi moja kwamba pikipiki iko mahali fulani, haijaguswa, inamsubiri mtathmini. Mikataba huweka muda wa kuripoti, na mingine muda huo ni mfupi sana, kwa hiyo usingoje abstrakti ndipo uripoti. Abstrakti itafuata.

Watakupa fomu ya madai. Ambatanisha nakala ya logbuku, kitambulisho chako, PIN ya KRA, leseni ya kijana, cheti cha bima, makadirio ya gereji na picha. Maelezo ya ajali yaandikwe na kijana aliyekuwa pale, kwa maneno yake, bila chumvi: alikuwa akitoka wapi, kwa mwendo gani, gari lilitokea wapi, alijaribu kufanya nini. Maelezo ya fomu yakitofautiana na yale ya polisi hata kwa jambo dogo, hapo ndipo kampuni hutia shaka.

Mambo manne watakayoyapekua ni haya, na ni bora uyajue kabla yao. Kwanza, matumizi. Mkataba uwe umeandikwa kubeba abiria kwa malipo. Ukiwa wa matumizi binafsi, ajali hii iliyotokea na abiria juu yake inaweza isilipwe. Pili, leseni. Daraja la A2 ni la pikipiki za kawaida na A3 ndilo la pikipiki za abiria na za kupeleka mizigo, kwa hiyo tazama leseni ya kijana ina lipi na ilikuwa hai siku ile. Tatu, abiria mmoja, na hilo umesema mwenyewe, tena liandikwe wazi kwenye fomu. Nne, kofia na jaketi la kuakisi. Kutovaa hakufuti kosa la mwenye gari, lakini fidia ya majeraha huweza kupunguzwa kwa kiasi ambacho majeruhi alichangia kuumia kwake.

Sasa tuje kwenye pikipiki yenyewe, na hapa tunaomba fundi wako asikie pia.

Ufa wa shingo si jambo la 22,500 na Jumatatu. Shingo ni lile bomba fupi la mbele ya fremu ambamo mhimili wa usukani unapita, na uzito wote wa breki ya mbele, wa mashimo na wa abiria unaishia hapo. Gari likigonga gurudumu la mbele, nguvu hupanda kupitia shokapu na kuisukuma shingo nyuma. Chuma cha fremu ni bomba jembamba. Ukikichomelea mahali palipokwisha kupinda, mshono wenyewe unaweza kuwa mgumu, lakini chuma kilicho kando yake kimedhoofishwa na joto, na ufa mpya huanzia hapo, milimita chache kutoka kwenye mshono, safari hii chini ya rangi mpya ambapo hakuna atakayeuona. Siku shingo inaachia, usukani unabaki mikononi mwa mwendeshaji na gurudumu linakwenda njia yake. Fremu ya namna hiyo hubadilishwa.

Kuna sababu nyingine ya kutoigusa: nambari ya fremu kwenye Boxer imegongwa papo hapo shingoni. Moto au gurudumu la kusagia likiiparuza, pikipiki inaanza kufanana na iliyoibwa, na kila askari atakayeikagua atauliza. Fremu ikibadilishwa, nambari mpya lazima iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya pikipiki kurudi kazini, na gharama ya uandikishaji huo iingie kwenye makadirio. Nayo bima iarifiwe, kwa kuwa cheti chako kinafuata chombo kilichoandikishwa.

Kabla ya mtathmini kuja, piga picha mchana, pikipiki ikiwa kama ilivyo: pande nne, nambari ya usajili ikionekana, saa ya kilomita, nambari ya fremu, nambari ya injini. Kisha karibu: ufa wa shingo, rangi iliyobanduka chini ya tangi, mahali shokapu zinapoingia kwenye kiungo cha chini cha usukani, rimu, ncha za usukani, kikanyagio. Rangi iliyobanduka au kukunjamana kama ngozi ya uzee karibu na shingo ni dalili kwamba chuma kilicho chini yake kimevutika, hata kama ufa hauonekani kwa macho. Weka rula au sarafu kando ya ufa ili ukubwa uonekane.

Shokapu za mbele mara nyingi hupinda mahali pamoja, chini kidogo ya kiungo kinachozishika. Zikitolewa, bomba la ndani linalong'aa huviringishwa juu ya kioo kinene: lililonyooka halipitishi mwanga chini yake, lililopinda huonyesha mwanga na kuuficha kila linapozunguka. Kunyoosha kwa mashine hukubaliwa na gereji nyingi kwa sababu ni rahisi, lakini bomba likishapinda mpaka jicho likaona, chuma kimechoka na kitapinda tena pale pale kwenye shimo la kwanza kubwa. Isitoshe, ile ganda inayong'aa hupasuka kwa nyufa kama nywele, sili za mafuta zinaliwa, na baada ya wiki chache mafuta yanatiririka hadi kwenye breki ya mbele. Andikeni mabomba mapya mawili, kushoto na kulia, hata kama moja linaonekana zima, pamoja na sili na mafuta yake.

Mambo yanayosahaulika kwenye makadirio ndiyo haya. Beringi za shingo: pigo hubonyeza vijishimo kwenye vikombe vyake, na dalili yake ni usukani kunata katikati unapougeuza pole pole gurudumu likiwa juu. Mhimili wa usukani nao hupinda bila kuonekana ukiwa ndani. Rimu ikikunjika, spoki za upande wa pili hulegea. Kikanyagio kikigonga lami husukuma mabano yake kuelekea injini, kwa hiyo lazeni kichwa chini mtazame kama ganda la injini lina ufa au unyevu wa mafuta. Upande wa kushoto ndipo ilipo leva ya gia. Leva iliyopinda hunyooka kirahisi, lakini mhimili wake ukipinda hata kidogo, sili yake itavuja siku zote. Na kama injini iliendelea kunguruma pikipiki ikiwa imelala ubavu, huenda mafuta yaliingia kwenye chujio cha hewa. Isipigwe kiki kabla chujio halijafunguliwa na kiwango cha oili kutazamwa.

Upotofu wa fremu mnaweza kuupima nyumbani kwa uzi. Pikipiki isimamishwe wima, uzi uzungushwe nyuma ya tairi la nyuma na kuvutwa mbele pande zote mbili, ukigusa ukuta wa tairi hilo mara mbili kila upande. Tairi la mbele la Boxer ni jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo nafasi kati ya uzi na tairi la mbele inapaswa kuwa sawa kushoto na kulia. Ikiwa kushoto ni upana wa kidole na kulia uzi unagusa, kuna kilichopinda, iwe shokapu, shingo au mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Piga picha ya uzi huo. Mtathmini anaweza kubisha neno la fundi, lakini picha ya namna hiyo ni ngumu kubishwa.

Mtathmini akija, uwepo, na fundi awepo. Mwombe tangi na gurudumu la mbele vitolewe mbele yake, maana akiandika alichokiona kwa nje tu, shingo itaingia kwenye ripoti kama "mikwaruzo". Gereji ikianza kazi na kukuta uharibifu mwingine ndani, isiendelee. Isimame, mtathmini aitwe tena, nyongeza iandikwe. Kazi iliyofanywa bila idhini hiyo huwa mzigo wako.

Halafu kuna hesabu. Bima huangalia thamani ya pikipiki sokoni muda mfupi kabla ya ajali. Hailipi bei uliyonunulia. Tuseme pikipiki yako ingeuzwa 150,000, nawe umeikatia bima ya 120,000. Kama mkataba una sharti la uwiano, na mingi inalo, umelipia bima ya sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo utalipwa sehemu nne kati ya tano. Matengenezo yakiwa 50,000, yanakuwa 40,000. Kisha hutolewa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, watu wa bima huiita eksesi, na kiasi chake kimeandikwa kwenye ukurasa wa ratiba ya mkataba wako. Ikiwa ni 10,000, kampuni inalipa 30,000 na wewe unatafuta 20,000. Wanaweza pia kukata kidogo kwa vitu vinavyochakaa, kama tairi, betri na cheni, wakisema unapewa kipya badala ya kikuukuu. Ukato huo ukubali kwa tairi, lakini usikubali kwa fremu wala shokapu, ambazo hazikuwa zikielekea kubadilishwa.

Ile 20,000, mama, pamoja na siku za kazi zilizopotea, ndiyo hasara yako ambayo bima haikulipi, nayo unamdai mwenye gari. Sasa tazama tena zile 15,000 alizokuletea mlangoni: hazifikii hata pengo hilo, na bado alitaka zifunge na majeraha ya watu wawili.

Makadirio yakizidi kiwango ambacho kampuni imejiwekea kulingana na thamani, wataitangaza pikipiki kuwa hasara kamili. Hapo malipo huenda kwanza kwa sacco kumaliza 46,000, kwa kuwa jina lake liko kwenye logbuku, na salio huja kwako. Andikia sacco leo kuwajulisha ajali na nambari ya dai. Wengi wao hukubali kupanga upya marejesho wakiona karatasi ya bima, na wasipoambiwa huanza kuhesabu faini. Kabla ya kukubali hasara kamili, uliza thamani ya soko waliyotumia waliipata vipi, na ulete bei tatu za pikipiki za mwaka na hali kama yako. Ukitaka kubaki na mabaki, waambie mapema, watakata bei yake kwenye malipo. Kwa pikipiki yenye fremu iliyopasuka, sisi tungewaachia.

Kijana na abiria sasa. Bima ya lazima Kenya, chini ya Sura 405, sheria ya bima ya magari kwa madai ya watu wengine, inahusu vifo na majeraha ya watu wengine, na kwa kila mtu sheria imeweka ukomo wa shilingi milioni 3. Wote wawili ni watu wengine mbele ya gari lile, kwa hiyo madai yao yanakwenda kwa mwenye gari na dereva wake, na bima ya gari ndiyo itakayolipa wakishinda. Abiria anaweza kukuunganisha na wewe kwenye madai yake kama mmiliki wa pikipiki. Usiogope, wala usinune naye. Barua ya wakili au hati ya mahakama ikikufikia, ipeleke kwa kampuni yako siku hiyo hiyo bila kuijibu, kwa sababu kazi ya kukutetea ni yao, na ukichelewesha utakuwa umewapa sababu ya kujitoa. Kijana, akiwa mwendeshaji, kwa kawaida hafidiwi na bima ya pikipiki kwa majeraha yake ila kama uliongeza kinga ya ajali binafsi. Tazama kwenye ratiba.

Uharibifu wa mali si sehemu ya bima ya lazima. Mikataba mingi huuongeza, kwa kiwango maalumu, lakini usidhani upo kabla ya kuonyeshwa. Usipokuwepo, unamdai mwenye gari mfukoni mwake. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Madai ya ajali yafunguliwe ndani ya miaka mitatu, lakini usiyaache yakafika hapo, mashahidi huhama.

Mapato yaliyopotea hulipwa kwa ushahidi tu. "Huniletea 500" haitoshi. Toa taarifa ya M-Pesa ya miezi sita iliyopita ikionyesha pesa za kijana zikiingia, na daftari kama unalo. Ondoa gharama unazolipa wewe, kama sevisi na tairi, kwa sababu mahakama hutazama kilichobaki mkononi. Na hesabu siku zinazoeleweka: za kusubiri mtathmini, za kungoja idhini, za matengenezo. Pikipiki ikilala mwaka mzima bila wewe kuandika hata barua moja ya kufuatilia, hutalipwa mwaka mzima.

Ndiyo maana ufuatilie kwa maandishi kila baada ya siku kumi hivi, ukitaja nambari ya dai na ukiuliza ni karatasi gani bado inakosekana. Sheria ya Bima, Sura 487, imeweka siku 90 za kulipa dai tangu liliporipotiwa. Wakikukatalia, dai sababu kwa barua na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko kwa mamlaka inayodhibiti bima, IRA, ukiambatanisha barua zako zote kwa mpangilio wa tarehe. Hapo ndipo nakala zenye muhuri wa kupokelewa zitakapokufaa.

Kwa sasa pikipiki ihifadhiwe kwako au mahali penye mlinzi, ifunikwe, waya wa betri utolewe, tangi limwagwe kama linavuja, na bomba la petroli lifungwe. Spea isitolewe hata moja kuazimwa pikipiki nyingine. Siku itakaporudi kutoka gereji, utapewa karatasi ya kuthibitisha umeridhika, na usiitie sahihi ukiwa ofisini. Nenda mchana, na mwendeshaji mwenye uzoefu ikiwa mkono wa kijana bado haujapona. Rudieni uzi pembeni mwa matairi. Geuzeni usukani pole pole. Kamateni breki ya mbele huku mkiisukuma pikipiki, msikilize kama shingo inagonga. Aendeshe kilomita tano, na mahali palipo salama alegeze mikono kidogo bila kuiachia, aone kama inavuta upande. Kisha isimame robo saa juu ya kadibodi safi mtazame kama kuna tone la mafuta chini ya injini au kwenye shokapu. Ikiwa yote ni shwari, na vyuma vya zamani umeonyeshwa, hapo ndipo uweke sahihi.